Kabla ya Kupunguza Upepo: Tairi, Tope na Somo la Kanieneo

Mvua zinapokolea katika mbuga za Usukuma, kuna jambo ambalo wakazi wa vijijini wamelizoea. Gari la zahanati lililobeba sanduku la chanjo, au lori lililosheheni mbegu za pamba, huiacha barabara ya changarawe, huteremka bondeni, na baada ya mwendo wa mita mia mbili au tatu huanza kuzama. Dereva hukanyaga mafuta. Magurudumu huzunguka papo hapo na kujichimbia shimo. Utingo hushuka na sepeto, vijana hukusanyika kusukuma, na haipiti dakika kumi kabla ya sauti moja kusikika: "Punguzeni upepo!"

Mara nyingine upepo hupunguzwa na gari likatoka. Mara nyingine hupunguzwa na gari likazidi kuzama, au likateleza hadi mtaroni. Na mara nyingine gari hutoka kwa shangwe, likafika kwenye barabara ya lami, likaongeza mwendo, na baada ya muda si mrefu tairi lililolegea likapasuka. Shauri ni lile lile moja, lakini matokeo ni matatu yasiyofanana. Kanuni itoayo matokeo ya namna hiyo si kanuni mbaya. Ni kanuni iliyotenganishwa na sababu zake. Wanaoitumia wameambiwa la kufanya pasipo kuambiwa kwa nini, na kwa hiyo hawana njia ya kujua ni lini wasilifanye.

Hasara ya kutojua huko si ndogo. Chanjo nyingi hutakiwa kuhifadhiwa katika joto la kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na saa zinazopotea topeni ni saa zinazoyeyusha barafu ndani ya sanduku. Mama aliyepatwa na uchungu hangoji tope likauke. Ndiyo maana inafaa kusemwa wazi kwamba upepo wa tairi ni jambo la elimu kabla ya kuwa jambo la ufundi, na kwamba mahali pake pa kwanza ni darasa la fizikia la shule ya sekondari.

Neno lenye hesabu ndani yake

Lugha yenyewe imekwisha kurahisisha nusu ya somo. Neno kanieneo, ambalo wengine huliita mgandamizo au shinikizo, limeundwa kwa maneno mawili: kani na eneo. Kanieneo ni kani igawanywayo kwa eneo ambalo kani hiyo inakandamiza. Mwanafunzi anayelielewa neno hana haja ya kukariri fomula.

Chukua gari la magurudumu manne lenye uzito wa kilo 2,400 pamoja na mizigo yake, na ichukuliwe kwamba uzito umegawanyika sawasawa. Kila tairi linabeba kilo 600, yaani kani ya newtoni 6,000 hivi. Ikiwa tairi limejazwa upepo wa kilopaskali 240, ambazo ni karibu paundi 35 katika geji za gereji, basi eneo linalohitajika kuibeba kani hiyo ni 6,000 kugawanya kwa 240,000, yaani mita ya mraba 0.025, au sentimita za mraba 250. Eneo hilo halifiki nusu ya ukurasa wa daftari kubwa. Gari zima, pamoja na watu na mizigo yake, limesimama juu ya vipande vinne vya namna hiyo.

Upepo ukipunguzwa hadi kilopaskali 120, ambazo ni paundi 17 hivi, uzito haubadiliki. Kwa hiyo eneo ndilo linalopaswa kubadilika: huwa sentimita za mraba 500. Tairi hutanuka chini, na ardhi inakandamizwa kwa nusu ya kanieneo ya awali. Kwa kweli hesabu hii ni ya kukadiria, kwa sababu kuta za tairi zina ugumu wake na hubeba sehemu ya uzito. Kanieneo halisi juu ya ardhi huwa kubwa kidogo kuliko ile inayosomwa kwenye geji. Hata hivyo mwelekeo wake ni sahihi.

Wengi hudhani kwamba tairi lililopunguzwa upepo huwa pana zaidi. Huongezeka upana kidogo tu. Kinachoongezeka hasa ni urefu wa alama yake, kutoka mbele kwenda nyuma. Tairi linaanza kufanana na mnyororo wa trekta la kutengenezea barabara, ambao nao hushinda ardhi laini kwa urefu wake.

Swali ambalo mwanafunzi hodari atauliza

Hapa mwalimu ajiandae kwa swali. Vitabu vya fizikia hufundisha kwamba msuguano kati ya vitu viwili hautegemei eneo linalogusana. Tofali likiburutwa sakafuni kwa ubavu wake mpana au kwa ubavu wake mwembamba, kani inayohitajika ni ile ile. Iwapo ndivyo, kutanua eneo la tairi kunasaidia nini?

Swali hili ni zuri, na jibu lake ndilo kiini cha jambo zima. Kanuni ya vitabuni inahusu vitu vigumu visivyobadilika umbo. Udongo uliolowa si kitu cha namna hiyo. Gurudumu linapojaribu kusogeza gari halisuguani na uso wa udongo tu. Linajaribu kuukata udongo wenyewe. Gari husonga mbele ikiwa udongo utakataa kukatika.

Mwaka 1773 Charles-Augustin Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, alieleza mbele ya chuo cha wanasayansi mjini Paris kwamba uwezo wa udongo kukataa kukatwa una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni msuguano wa chembe kwa chembe, nayo huongezeka kadiri udongo unavyokandamizwa. Sehemu ya pili ni mshikamano wa chembe zenyewe, nayo haijali uzito ulio juu yake. Inategemea ukubwa wa eneo linalokatwa. Mchanga mkavu una sehemu ya kwanza tu. Udongo wa mfinyanzi uliojaa maji, kwa upande wake, hutegemea karibu wote sehemu ya pili, kwa kuwa maji yaliyonaswa kati ya chembe zake hayapati nafasi ya kutoka wakati gurudumu linapopita.

Kwa hiyo mchanga na tope havifanani, ingawa vyote viwili hukwamisha magari. Sifa ya kupunguza upepo ilienea kwa sehemu kutokana na safari za mchangani. Ralph Bagnold, afisa wa Uingereza aliyevuka Jangwa la Libya kwa magari katika miaka ya 1920 na 1930, na ambaye mwaka 1941 alichapisha kitabu juu ya fizikia ya mchanga unaopeperushwa, alikuwa miongoni mwa waliojifunza kuuvuka mchanga laini kwa matairi yaliyolegezwa. Mchangani shauri hilo ni jema takriban kila mara, kwa sababu tairi pana halizami. Kulichukua shauri hilo na kulipeleka katika kila tope bila kulichunguza ni sawa na kumpa kila mgonjwa wa homa dawa moja.

Tope la kina na tope la juu juu

Liko tope la kina, na liko tope la juu juu. Yanaonekana sawa kutoka kwenye kiti cha dereva, lakini yanadai mambo yaliyo kinyume.

Tope la kina ni lile ambalo chini yake hakuna mahali pagumu panapoweza kufikiwa na gurudumu. Udongo mweusi wa mbuga ni mfano wake. Madini ya mfinyanzi yaliyomo humo hunyonya maji na kuvimba. Wakati wa kiangazi hunywea na kuacha nyufa ambazo mguu wa ng'ombe huweza kutumbukia. Wahandisi wa udongo hukadiria kwamba mfinyanzi laini huweza kubeba kanieneo iliyo kama mara 6 ya mshikamano wake. Mfinyanzi wenye mshikamano wa kilopaskali 25 basi hubeba karibu kilopaskali 150. Tairi lenye upepo wa kilopaskali 240 litazama humo. Lenye kilopaskali 120 litapita juu. Hapa kupunguza upepo ndiko kunakotenganisha safari na kukwama. Zaidi ya hayo, eneo likiwa maradufu, kani inayoweza kupatikana kutokana na mshikamano wa udongo nayo huwa maradufu.

Lakini mvua ikiendelea kunyesha na mshikamano ukashuka hadi kilopaskali 10, ardhi hiyo haiwezi kubeba zaidi ya kilopaskali 60 hivi. Matairi ya 240 yatazama, na ya 120 yatazama pia. Katika hali hiyo hakuna kipimo cha upepo kitakachomsaidia dereva, wala ushujaa wake hautamsaidia. Lililo sahihi ni kungoja, au kutafuta njia nyingine. Kujua kwamba jambo haliwezekani nako ni ujuzi, tena ujuzi unaookoa mafuta, matairi na maisha.

Tope la juu juu ni jingine kabisa. Ni tabaka jembamba la utelezi, pengine la sentimita 3 au 5, lililolala juu ya ardhi ngumu. Liko katika barabara za udongo mwekundu zilizoshindiliwa vizuri, kama zile za milimani Lushoto au Uluguru. Hapo ardhi imara ipo. Iko chini kidogo tu ya utelezi. Kinachotakiwa ni meno ya tairi yapenye utelezi na kuigusa ardhi hiyo. Kwa hiyo kanieneo kubwa ni rafiki, na tairi lililolegezwa ni adui, maana huelea juu ya utelezi kama sahani juu ya maji. Tena kuta zake zilizolegea hufanya usukani uchelewe kutii, na katika barabara yenye genge upande mmoja, kuchelewa huko kunaweza kuwa mwisho wa safari. Hapa dereva na aache upepo wa kawaida, ahakikishe kwamba matairi si vipara, afunge minyororo ikiwa anayo, na aende polepole.

Wakulima wamekwisha kutoa majina

Jambo la kutia moyo ni kwamba maarifa yanayohitajika kutambua tofauti hizo yapo tayari vijijini. Wasukuma wana majina ya udongo kwa kufuata mteremko wa ardhi. Luseni ni udongo wa kichanga ulio juu ya mteremko. Itogolo na ibambasi ziko chini zaidi, nazo zina tabaka gumu karibu na uso, ambalo huyazuia maji ya mvua yasishuke. Bondeni kabisa ndiko iliko mbuga, yaani mfinyanzi mweusi wenye kina. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alieleza katika miaka ya 1930 jinsi aina za udongo za Afrika Mashariki zinavyofuatana kwenye mteremko kama pete za mnyororo mmoja. Aliuita mfuatano huo kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na neno hilo sasa linatumiwa na wanasayansi wa udongo duniani kote.

Maana yake kwa dereva ni kubwa. Katika safari moja ya kilometa chache, kutoka kilimani hadi bondeni, gari hupita juu ya udongo wa aina tatu au nne. Penye tabaka gumu la karibu, tope lake huelekea kuwa la juu juu, na upepo usipunguzwe sana. Penye mbuga, tope lake ni la kina, na upepo upunguzwe kabla ya kuingia. Dereva mgeni ambaye hamuulizi mkulima jina la udongo ulio mbele yake anapuuza ramani iliyo bora kuliko ile iliyo mfukoni mwake.

Asiyekuwa na mkulima wa kumuuliza anacho kipimo kingine, nacho ni mguu wake mwenyewe. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa unyayo mmoja wenye eneo la sentimita za mraba 150 hivi, anaikandamiza ardhi kwa kilopaskali 47 au karibu na hapo. Akisimama kwa kisigino peke yake, chenye sentimita za mraba 40, kanieneo hupanda hadi kilopaskali 175. Basi dereva ashuke, avue viatu ikibidi, na ajaribu. Kisigino kisipozama, ardhi ni imara. Unyayo ukibebwa lakini kisigino kikazama, huenda upepo uliopunguzwa ukalivusha gari. Unyayo wenyewe ukizama na kuendelea kuzama, gari halitapita. Na mguu ukipenya utelezi kisha ukasimama juu ya kitu kigumu, hilo ni tope la juu juu. Jaribio hili si la maabara, lakini lina nambari ndani yake, na dereva hulimaliza kwa dakika moja.

Gharama ya upepo uliotolewa

Upepo hutoka kwa wepesi. Kurudi kwake ndiko kwenye kazi. Tairi lililopungukiwa na upepo hujikunja kila linapogusa ardhi na kujinyoosha linapoinuka. Tairi lenye mzingo wa mita 2.4 huzunguka mara 9 kila sekunde gari liendapo kilometa 80 kwa saa, yaani zaidi ya mara 33,000 katika saa moja. Kila mkunjo huzalisha joto ndani ya mpira na nyuzi zake. Katika mwendo wa topeni joto hilo halina madhara makubwa. Katika mwendo wa lami hujikusanya, hulegeza gundi inayoshika tabaka za tairi, na mwishowe tairi hupasuka. Tairi la mbele likipasuka katika mwendo huo, aghalabu usukani humponyoka dereva.

Ziko hatari nyingine. Tairi lenye upepo mdogo mno huweza kuchomoka kwenye ringi gari likikata kona kwa ghafla. Lenye mpira wa ndani huweza kujizungusha juu ya ringi na kukata shina la valvu. Malori yenye matairi mawili mawili nyuma yana tatizo lao: matairi yakilegea, kuta zake husuguana, hupata moto na huweza kuwaka. Kwa hiyo lori lenye shehena halipaswi kupunguziwa upepo kwa kadiri ile ile ya gari dogo. Kwa gari dogo, kupunguza robo au theluthi ya upepo wa kawaida kwatosha kwa kuanzia. Kushuka chini ya kilopaskali 100, yaani paundi 15 hivi, ni shauri la dharura, kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu.

Kurudisha upepo ni kazi inayoweza kuhesabiwa kwa kanuni ya Boyle. Tairi lenye ujazo wa lita 50 likitakiwa kuongezwa kutoka kilopaskali 160 hadi 240, linahitaji hewa ambayo katika kanieneo ya angahewa, kilopaskali 101, ingejaza karibu lita 40. Pampu ya mguu inayotoa nusu lita kwa kila mkanyago itahitaji mikanyago isiyopungua 80 kwa tairi moja, na 320 kwa matairi manne. Hiyo ni kazi ya kutoa jasho, lakini inawezekana. Isiyowezekana ni kuifanya bila pampu. Kutokana na hesabu hiyo hupatikana sheria ambayo ingefaa kubandikwa katika kila gari la kazi: asiye na pampu na geji asipunguze upepo, isipokuwa kama yu tayari kwenda taratibu hadi mahali penye pampu, hata kama pako mbali.

Neno moja juu ya geji. Geji haipimi hewa yote iliyomo ndani ya tairi. Hupima ziada iliyo juu ya angahewa. Tairi linalosomeka 240 lina kanieneo kamili ya 341. Likipata joto kutoka nyuzi 27 hadi 57 za Selsiasi, kanieneo kamili hupanda kwa sehemu moja ya kumi hadi 375, na geji husoma 274. Dereva asiyejua hilo hudhani kwamba tairi limejazwa kupita kiasi, huutoa upepo huo, na kesho yake asubuhi huanza safari akiwa na tairi lililopungua. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi.

Hoja zinazopinga

Wako watakaosema kwamba madereva wazoefu hawahitaji masomo haya. Wamevuka matope miaka mingi bila kuijua kanieneo. Ni kweli kwamba wapo madereva hodari, na ujuzi wao unastahili heshima. Lakini ujuzi usioelezwa huondoka na mwenye nao. Dereva aliyejifunza katika mbuga akihamishiwa milimani huenda na kanuni ya mbuga, nayo humgeuka. Elimu haiji kumnyang'anya dereva uzoefu wake. Inakuja kumwezesha kuusafirisha uzoefu huo kutoka udongo mmoja hadi mwingine.

Wengine watasema kwamba dawa ya tope ni lami. Lami na ije. Hata hivyo sehemu kubwa ya barabara za vijijini bado ni za udongo na changarawe, na tope la msimu ujao halitangoja mikataba. Zaidi ya hayo, kanieneo ya tairi haimhusu dereva peke yake, inaihusu barabara. Lori lenye matairi magumu kupita kiasi huchimba makorongo ambamo maji husimama, na wa pili hukwama katika shimo la wa kwanza. Katika miaka ya 1980 Idara ya Misitu ya Marekani ilifanya majaribio ya malori ya magogo yaliyopunguza upepo katika njia za msituni, na faida mojawapo iliyoonekana ni kupungua kwa uharibifu wa njia hizo. Uwezo wa kubadilisha upepo gari likiwa safarini si jambo geni. Gari la DUKW la Marekani, lililotumika nchi kavu na majini wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, liliwezesha dereva kufanya hivyo akiwa kitini, na malori kadhaa ya Urusi ya Kisovieti, kama ZIL-157, yalikuwa na mfumo wa namna hiyo. Waliounda magari hayo walifahamu kwamba hakuna upepo mmoja unaofaa kila ardhi.

Kazi ya shule

Somo hili halihitaji gari wala fedha. Baiskeli yatosha. Mwanafunzi na akae juu ya baiskeli huku wenzake wakiishikilia, gurudumu la nyuma likiwa juu ya mizani ya magunia. Tuseme mizani inasoma kilo 50. Kisha tairi lipakwe masizi yaliyolowanishwa, lishushwe juu ya karatasi ya grafu mtu yule yule akiwa amekaa, na miraba ya alama ihesabiwe. Alama ya sentimita za mraba 20 inaonyesha kanieneo ya kilopaskali 250. Upepo upunguzwe kidogo kidogo na alama ichukuliwe tena kila mara. Wanafunzi wataona kwa macho yao eneo likikua, tena likikua kwa urefu. Shule isiyo na geji haina hasara, kwa kuwa karatasi yenyewe imekuwa geji.

Jaribio la pili ni la tofali. Liburutwe kwa mizani ya springi juu ya sakafu kavu, kwanza kwa ubavu mpana, kisha kwa ubavu mwembamba. Halafu juu ya karai lililojaa mfinyanzi laini. Halafu juu ya sakafu iliyopakwa tope jembamba. Matokeo yote yaandikwe, hata yale yasiyolingana na kitabu. Mwanafunzi atakayegundua kwamba kanuni ya msuguano aliyoikariri inashika juu ya sakafu kavu na inashindwa ndani ya karai, atakuwa amejifunza jambo lililo kubwa kuliko tairi: kwamba kila kanuni ya sayansi ina mipaka yake, na kwamba kuijua mipaka hiyo ni sehemu ya kuijua kanuni yenyewe.

Vyuo vya udereva navyo vina wajibu wao, na vivyo hivyo kila ofisi inayotuma magari vijijini. Geji na pampu ni vitu vya bei ndogo vikilinganishwa na tairi moja jipya, sembuse uhai wa mtu. Gari kutumwa mbugani wakati wa mvua bila vifaa hivyo ni uzembe, hata kama linaendeshwa na dereva bora kuliko wote. Wahenga walisema: tahadhari kabla ya hatari.

Siku moja, pengine msimu huu wa mvua, gari la zahanati litafika tena ukingoni mwa mbuga. Itakuwa heri ikiwa dereva atalisimamisha kabla ya kuingia na si baada ya kuzama, akashuka, akamwuliza mkulima aliye shambani jina la udongo ule, akakanyaga kwa kisigino, kisha ndipo akaishika geji. Huenda akapunguza upepo, huenda akauacha, na huenda akageuza gari na kuzunguka kwa njia ndefu. Lolote kati ya hayo laweza kuwa sahihi, mradi liwe limetokana na sababu. Na akifika ng'ambo ya pili, kabla ya kuigusa lami, atoe pampu.